Kama Hapa na Shanzu

Arubaini ya Bibi ilipokwisha, mimi na mamangu tulikaa chini kwenye mkeka kugawa vitu vyake. Havikuwa vingi. Leso doti nne, moja bado haijakatwa. Mabuibui mawili. Chetezo cha udi kilichopasuka mguu, miwani ambayo haikumsaidia kuona kitu lakini lazima aivae siku za harusi, na mswala wake wa kijani uliolika pale alipokuwa akiweka magoti. Mswala huo Bibi aliushonea kitambaa kwa chini, maana sakafu yetu ina baridi, na pembe moja ya kitambaa, upande wa kusujudia, aliiacha wazi kama mfuko. Mama alipoukung'uta ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Niliijua kabla haijafika chini.

Mama akaikunjua. Ulikuwa ukurasa wa jarida, bado wang'aa, umepasukapasuka kwenye mikunjo. Akaugeuza huku na huku. "Hii nayo ramani ya nini?" akauliza. "Bibi yako tangu lini akasoma ramani?"

Nikasema chai inachemka, nikainuka. Chai ilikuwa haijatiwa hata maji. Nikasimama mbele ya jiko lisilo na moto, mimi, msichana mzima wa miaka ishirini na kitu, ambaye pale saluni ninakosuka, mtaa wa Bofu, wanasikia kicheko changu kabla hawajaniona uso, nimekimbia karatasi.

Kama wewe ni wa rika langu, na mamako naye alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba ukaachwa na bibi yako, basi huhitaji maelezo mengi. Tulikuwa wengi. Darasani tulijuana bila kuambiana: ndio sisi wenye mabegi mapya ya magurudumu na kucha zisizokatwa. Lakini hili la karatasi sijawahi kumwambia mtu, na nikianza kulisimulia naona heri nilisimulie lote.

Kabla ya safari yake mamangu alikuwa akifanya kazi Shanzu, hotelini, kutandika vitanda vya wageni. Sisi tuko Likoni. Kwa hiyo kila siku alitoka kabla ya adhana ya alfajiri, avuke feri, apande gari hadi kule mwisho wa kaskazini, na jioni arudi vivyo hivyo, miguu imevimba, mkobani ana visabuni vidogo vidogo vya hoteli vinavyonuka ndimu. Siku ya foleni mbaya zilikuwa saa mbili na zaidi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Alifanya hivyo miaka sita. Bibi hakuwahi kufika Shanzu hata mara moja, lakini aliijua kuliko mahali popote duniani, kwa sababu Shanzu ndipo binti yake alipokwenda kila siku na kila siku akarudi. Hata makuti aliyokuwa akiyashona kibarazani, akisikia gari limeyachukua kwenda kuezekea hoteli za huko, alifurahi kama mtu aliyetuma salamu.

Kisha wageni wakapungua, hoteli ikapunguza watu, na Mama akawa mmoja wa waliopunguzwa. Akakaa nyumbani miezi. Akajaribu kukaanga viazi karai, wateja wakawa majirani wale wale, na majirani wale wale walikuwa na viazi vyao. Siku moja akaja na bahasha. Dammam, Saudia, mkataba wa miaka miwili.

Alipokuwa anaaga alipiga magoti mbele ya Bibi, akamshika miguu. "Mama, niombee. Naenda nchi yenyewe. Nikishafanya umra yangu, nitamfanyia na Baba ya kwake."

Babu alikufa mimi sijazaliwa. Miaka yote alikuwa na nia ya kwenda Maka, na akafa hajafika hata Voi. Kwetu, mtu akishafanya umra yake mwenyewe, hiyo ziara ndogo ya Maka, anaweza kumfanyia mzazi aliyetangulia, na thawabu zikamfikia huko aliko. Bibi hakulilia safari ile tena. Alifuta macho kwa upindo wa leso, akasema, "Basi nenda. Umeniondolea kubwa."

Mimi nilikuwa darasa la nne. Bibi aliniita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, kwa hiyo Babu, Mungu amrehemu, alikuwa mume wetu. "Mke mwenza, njoo unishikie fito." "Abee, Bibi." "Mume wetu safari hii anakwenda Maka, wasikia? Tena nauli hadaiwi." Tukacheka, sindano yake ikipita na kutoka, jani juu ya jani.

Mjomba Hamisi, kakake Mama, alikuwa akisafisha ndege kule uwanjani Changamwe. Abiria wakishashuka, wao wanaingia na mifuko ya taka. Alikuwa akiniletea vitu vilivyoachwa: vijiko vya plastiki, soksi za safari, siku moja kitambaa cha kufunika macho ambacho nilikivaa shuleni kama kofia mpaka mwalimu akakichukua. Ndipo akaniletea lile jarida. Ndani yake mlikuwa na ramani ya Arabuni yote, na mistari myekundu iliyopinda kama nyusi kutoka mji huu hadi mji ule. Nyuma ya ukurasa palikuwa na tangazo la manukato lenye kipande cha kukwaruza. Ukikikwaruza, kinanukia. Nilikikwaruza mpaka ukurasa ukakaribia kutoboka. Niliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo harufu ya nyumba anayokaa mamangu, nikawa nalala nayo chini ya shavu. Nikaukata ukurasa kwa wembe wa Mjomba. Kwa chini ramani iliishia Yemen na pembe ya Somalia. Sisi hatukuwemo. Hilo halikunisumbua, sisi tulijulikana tuliko.

Basi nikawa mtaalamu. Ndege ikipita juu ya Likoni kwenda kutua, nilisema inatoka wapi, na hakuna aliyenibishia kwa kuwa hakuna aliyejua. Nilisema nitakuwa rubani. Bibi akafurahi, akawaambia wateja wa makuti: "Huyu mnayemwona hivi, hana meno mawili, ataendesha ndege."

Siku moja akaja Bi Mishi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Binti yake, Riziki, naye alikuwa Saudia, lakini Jedda. Bi Mishi alikuja na simu mkononi, uso umejaa furaha. "Alhamdulillahi, shoga yangu. Riziki amemfanyia babake umra. Juma hii hii. Na picha katuma, tazama."

Bibi akavaa ile miwani isiyoona. "Mashallah," akasema. "Mungu aitakabali." Akairudisha simu. Akashona kama majani matatu. "Wetu yeye yuko Dammam."

"Dammam na Jedda si nchi moja?" Bi Mishi akasema. "Huenda ni mlango wa pili."

Bibi akageuka. "Mke mwenza, wewe si ndiye mwenye ramani? Hebu ilete."

Nilikwenda mbio. Nikaitandaza juu ya rundo la makuti, nikaonyesha: Dammam hii, kwenye bahari ya huku, Jedda hii, kwenye bahari ya huko. Bibi hakuwahi kushika rula maishani mwake. Kazi yake yote aliipima kwa mwili: kuti kwa pima, fito kwa shubiri, nafasi ya sindano kwa vidole viwili. Akalilaza dole gumba lake juu ya ramani, dole pana lenye sugu, na likafika kutoka bahari mpaka bahari.

"Dole moja," Bi Mishi akasema. "Si nilikwambia."

"Kwa ndege ni muda gani?" Bibi akaniuliza.

Sikujua. Lakini Mjomba alikuwa amejinyoosha kitini, kasinzia, simu kifuani. Nikaichukua polepole, nikaandika Dammam, nikaandika Jedda, simu ikajibu. Nikasoma kwa sauti ya mwalimu mkuu: mwendo wa saa mbili na robo hivi, kilomita elfu moja mia mbili na kitu.

"Kilomita mimi sizijui," Bibi akasema. "Elfu moja ni hesabu ya makuti. Nambie, saa mbili na robo ni kama wapi na wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ndege si gari, saa yake moja inameza nchi. Hilo nililijua hata wakati ule, maana Mjomba alishaniambia kuwa Nairobi, ambako basi linakwenda kutwa, ndege inafika kabla chai haijapoa. Lakini walikuwa wananitazama, wanawake wawili wazima, wanasubiri mdomo wangu. Na mimi nilitaka kuwapa kitu wakijue.

"Ni kama hapa na Shanzu," nikasema. "Siku ya foleni."

Mjomba akafungua jicho moja. "We mtoto," akasema, akacheka, akalifumba tena. Mpaka leo natamani angalifungua na la pili.

Bi Mishi akapiga makofi. Bibi hakucheka. Alilisema lile neno taratibu kama mtu anayeonja chumvi. "Shanzu."

Ijumaa iliyofuata Mama akapiga. Simu zake zilikuwa za Ijumaa, alasiri, kwa ile simu ya zamani ambayo Mjomba alituachia nyumbani. Alizungumza kwa sauti ya chini chini, na nyuma yake siku zote palikuwa na mngurumo. Mimi ndimi niliyekuwa nikiishika simu, Bibi akiinamia kama mtu anayechungulia kisima.

"Mwanangu, ile ahadi ya babako?"

"Inshallah, Mama."

"Lini?"

"Inshallah. Kazi zimenikaba tu."

"Shanzu uliiweza miaka sita."

Mngurumo ukasikika peke yake. "Shanzu? Shanzu imeingiaje, Mama?"

Bibi akarudi kwenye makuti yake. Baadaye akaniuliza ule mngurumo ni wa nini, nami sikufikiri hata nukta moja. "Ndege, Bibi," nikasema. "Anakaa karibu na uwanja wa ndege. Zinapita hapo hapo dirishani."

"Haya tena," akasema Bibi. "Na kiwanja kiko mlangoni."

Zikapita Ijumaa kadhaa hivyo. Kisha ikaja moja ambayo Bibi alikuwa amekwenda matangani mtaa wa pili, mimi nimebaki na simu. Siku hiyo nilikuwa na habari. Nilikuwa nimetoka wa tatu darasani, mimi ambaye kawaida yangu ilikuwa kuhesabiwa kutoka nyuma. Karatasi ya matokeo nilikuwa nimeishika mkono wa kushoto, tayari kusoma.

"Bibi yako yuko karibu?" Mama akauliza.

"Hayuko."

"Basi sikiza, mwanangu. Nakwambia wewe kwa kuwa umekua. Paspoti yangu anayo mwenye nyumba. Wakitoka, mlango wanaufunga kwa nje. Tangu nije sijakanyaga barabara ila kwenda kutupa taka, na hapo mama wa nyumba kasimama ananitazama. Hiyo Jedda siwezi kwenda. Dukani siwezi kwenda. Lakini Bibi yako usimwambie hivi, presha itampanda na mimi siko. We mtulize tu. Mwambie asubiri mkataba uishe. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Mtoto wangu huyo." Akataka kusema kitu kingine, nadhani. Ule mngurumo ukakatika ghafla, na yeye akakata.

Nikabaki na karatasi yangu ya matokeo. Hakuniuliza.

Bibi alirudi karibu na magharibi, anavua buibui mlangoni. "Kapiga?"

"Kapiga."

"Kasemaje?"

Nimelirudia swali hili kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Maneno nilikuwa nayo, nilipewa mkononi: asubiri mkataba uishe. Lakini niliona jinsi atakavyoniuliza, kwa nini asubiri, na mwendo wenyewe ni wa Shanzu? Niliona ramani yangu ikigeuka uongo, Bi Mishi akicheka upande wa pili wa ukuta. Na ile nafasi yangu ya tatu hakuna aliyeiulizia. Mama ameongea yake, amekata. Nikasema:

"Hataki tu, Bibi."

"Kasema hataki?"

"Hakusema. Lakini hataki tu."

Bibi akatundika buibui lake msumarini. Likaanguka. Akaliokota, akalitundika tena.

Kuanzia hapo, simu ikilia Ijumaa, alikuwa akiinuka. "Mwambie nasali," akasema, akaenda chumbani. Mara ya kwanza nilidhani anasali kweli. Mara ya pili nikachungulia, nikamwona amekaa tu ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, mswala umekunjwa pembeni.

"Anasali tena?" Mama akauliza. "Saa hizi ni sala gani?"

"Ya sunna."

"Basi mwambie aniombee na mimi."

"Nitamwambia," nikasema, na sikumwambia.

Ramadhani nzima ikapita hivyo. Sikukuu asubuhi Mama akapiga, nyumba inanuka pilau na udi, na Bibi amevaa, amekaa ubavuni mwangu kabisa, bega kwa bega, anaisikia sauti ya binti yake. Nikamnyooshea simu. Akatikisa kichwa, akanifanyia ishara kwa kiganja: nasali. Nikamwambia Mama anasali. Nikamsikia Mama anapenga kamasi. Nikadhani ana mafua. Nikamwambia, "Mama, kunywa tangawizi."

Hilo la tangawizi ndilo linalonijia hata leo nikiwa nasuka mteja, katikati ya msuko, hata mteja akaniuliza mbona nimesimama.

Baada ya Sikukuu akaja Riziki, binti wa Bi Mishi, likizoni. Aliingia kwetu na kichupa cha maji ya zamzam na tende, akamshika Bibi mkono akaubusu. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwanangu. Umenenepa, mashallah." Wakaongea mawili matatu. Mimi nilikuwa mlangoni nala tende. Bibi akalifikia jambo lake polepole, macho kwenye sindano.

"Ati hiyo Dammam wewe waijua?"

"Ndiko nilikoanzia, Bibi. Miezi mitatu kabla sijahamishiwa Jedda. Lakini usiniulize mji uko vipi, sikuuona. Nilijua tu pipa la taka liko upande gani."

Sindano ya Bibi ikapunguza mwendo. "Na umra ulikwendaje?"

"Bosi wangu wa Jedda ni mtu wa dini. Alinitia garini na wanawe, akanipeleka. Bila ya hivyo ningekwendaje, paspoti si wanayo wao? Nina wenzangu wako Jedda penyewe, Bibi, saa moja kwa gari umefika Maka. Wamemaliza miaka miwili wamerudi makwao, hawajaiona. Hata simu twapiga kwa kujificha, chumba cha kufulia, mashine ikianza kunguruma ndipo twaongea, wasisikie."

"Mashine?"

"Ya nguo. Yanguruma kama ndege, wallahi."

Nikaitoa tende mdomoni. Bibi hakunitazama hata kidogo, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimshukuru Riziki, akamwombea, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi alikaa mahali pake, akayasukuma makuti kando.

"Lete ramani."

Nikaileta. Akaitandaza mapajani.

"Nionyeshe Dammam." Nikamwonyesha. "Jedda." Nikamwonyesha. Akaweka tena lile dole, akaliangalia lilivyolala, bahari mpaka bahari. "Sasa hapa," akasema, "mlango wa ile nyumba uko wapi?"

Hakuwa ananikejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuonyeshwa. Nikainamisha kichwa.

"Wewe ulijua?"

"Abee?"

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua, Bibi. Aliniambia."

Nilingoja kofi. Mkono wa Bibi ulikuwa mzito, ulizoea makuti. Haukuja. Akasema, "Nipigie."

Haikuwa Ijumaa, lakini Mama alishika, kwa hofu, anauliza nani kafa. Bibi aliishika simu mwenyewe kwa mara ya kwanza, ameigeuza juu chini, anaongea kwenye upande wa sikio. "Hakuna aliyekufa. Mwanangu, nimeulizia ule mwendo wa Jedda. Nimeambiwa ni mrefu. Mrefu sana, hauendeki. Babako nitamwombea mimi hapa hapa. We rudi tu mzima." Akasikiliza. Akafuta pua kwa mkono. "La, sijaudhika. Nilikuwa nasali sana. Nisamehe, mama, nilikuwa nasali mno."

Alipomaliza akaikunja ramani mara mbili, kisha mara mbili tena. "Hii nitaiweka mimi," akasema. "Na yale uliyoyasema, yeye hatutamwambia. Ni yetu sisi wawili." Siku tatu aliniita kwa jina langu la shule, lile ambalo nyumbani halina kazi. Siku ya nne akaniita mke mwenza. Lakini urubani hakuutaja tena, wala mimi sikuutaja.

Mama alimaliza mkataba akarudi, amekonda, anashtuka mlango ukifungwa kwa nguvu. Babu hakufanyiwa umra. Miaka ikapita, mimi nikamaliza kidato cha nne kwa alama za kujikuna kichwa, nikajifunza kusuka. Siku zote nilidhani Bibi aliichoma ile karatasi. Na hapo jikoni, mbele ya jiko baridi, ndipo nilipoelewa ilikuwa wapi. Pembe ile aliyoiacha wazi haikuwa ya magoti. Ilikuwa ya kipaji cha uso.

Nikarudi bila chai.

Mama alikuwa bado ameketi na ramani mapajani, vile vile alivyokaa Bibi. Nikakaa mbele yake mkekani, nikamwambia. Nilimwambia la dole, na la Shanzu, na la ndege dirishani. Hilo la ndege lilimchekesha, akaziba mdomo kwa leso. Kisha nikamwambia lile neno. Nililisema kama nilivyolisema siku ile, kwa maneno yale yale matatu, maana ningelipunguza hata kidogo ningeanza tena uongo. Hakucheka.

"Ndiyo maana," akasema, nusu kwa nafsi yake. "Ile Sikukuu." Akaisawazisha karatasi kwa kiganja. "Na wewe uliamini? Kwamba sitaki?"

Ningeweza kusema nilikuwa mtoto.

"Niliamini," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa kukataa. Akaweka kidole Dammam. Akakipeleka Jedda, akakirudisha. "Hapa mlipima," akasema. "Na huku je?"

Kidole chake kikaanza kushuka kutoka Dammam, kikapita jangwa, kikapita Yemen, kikafika mwisho wa karatasi, na hakikusimama hapo. Kilitoka nje ya ramani, kikatambaa juu ya mswala, kikapita mkekani ukindu kwa ukindu, kikaja kutua kwenye goti langu.

"Huku ulipima?"

Sikuwa nimepima.